Aliyekuwa mtumwa alitundika nini ukutani?

Nyumba ya Vettii huko Pompeii, Italia, ilifunguliwa tena kwa wageni Januari 2023 baada ya ukarabati wa miaka mingi. Mji huo wa Kirumi ulifukiwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK, lakini ubishi juu ya michoro ya nyumba hii haujafukika.

Wenye nyumba, Aulus Vettius Conviva na Aulus Vettius Restitutus, inaaminika walikuwa watumwa walioachwa huru, wakatajirika. Wapo wanaowaona kuwa matajiri wapya tu, waliojaza kuta hekaya za Kigiriki ili waonekane wasomi. Si hoja ya kupuuza. Mlangoni pale, katika mchoro, Priapus, mungu wa rutuba, ameweka uume wake kwenye mizani, upande wa pili kuna mfuko wa fedha. Ukiingia tu ukumbini ulikuwa unakutana na makasha mawili ya hazina.

Ila dharau hiyo tumerithishwa na waungwana wa Roma, ambao ndio walioshika kalamu. Nao pia walichorewa hekaya hizohizo majumbani mwao, na hakuna anayewaita washamba. Huo mimi nauita upendeleo.

Tazama chumba kimoja cha nyumba hiyo. Vijana wawili wanamfunga malkia Dirce kwenye fahali amburute hadi afe. Kisa chenyewe ni kwamba Dirce alimtesa mama yao, Antiope, akimtumikisha kama mjakazi. Mtu aliyewahi kuwa mali ya mtu mwingine hakuhitaji kusoma sana ili picha hii imguse. Na katika ukumbi mkubwa, kwenye ukanda mwembamba mweusi, vitoto vyenye mabawa vinafua dhahabu, vinakamua mafuta ya manukato, vinauza divai. Kazi za mikono, ambazo waungwana walizibeza, hapa zimepewa mabawa.

Hata hivyo sikubali kuwa ni michoro ya ukombozi. Chumba kingine kinamwonyesha Ixion akifungwa kwenye gurudumu kwa kumsaliti Zeus, mkuu wa miungu, aliyemkirimu. Mtumwa aliyepita hapo na sinia la chakula aliona adhabu ya asiye na shukrani kwa bwana wake. Vitoto vile navyo havitoki jasho wala havichoki.

Na palepale langoni mtu alikwaruza ukutani tangazo la mwanamke: Eutychis, Mgiriki, mwenye tabia nzuri, bei ya kulala naye sarafu mbili za shaba.