Mkanda Umerudi, Pesa Haijarudi

Jamani, ni mimi tu ninayeona, au Kampala hii kila tulichokiacha kwa ufukara sasa kinarudi kwa utajiri? Vijana wanatafuta kamera za mkanda! Ati picha za simu hazina roho.

Roho? Mimi roho ya mkanda naijua. Picha 36, unazibania mpaka Iddi ipite, Krismasi ipite, mtoto wa jirani abatizwe, ndipo upeleke studio zikasafishwe. Unalipa kwanza. Unaambiwa uje Jumatano. Jumatano umeme hakuna. Ukija kupewa bahasha, huyu kafumba macho, yule kakatwa kichwa, bibi harusi kafunikwa na kidole cha shemeji, na zile za mwisho zimeungua kwa sababu kuna mjuaji alifungua mgongo wa kamera aone kama zimetoka. Na zote umelipia.

Kinachonichekesha ni kwamba mkanda ulichimbiwa kaburi na wenyewe waliokuwa wakiuuza. Kamera ya kwanza ya kidijitali aliiunda mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, mwaka 1975, humohumo kazini. Mabosi wakaiweka kando, maana mkanda ndio uliokuwa unaleta ugali. Mwaka 2012 wakawa mahakamani wakiomba kinga ya kufilisika! Na mkanda bado wanautengeneza mpaka leo.

Halafu 2024 Pentax wakatoa kamera mpya kabisa ya mkanda, Pentax 17. Kila fremu inagawanywa nusu, kwa hiyo mkanda wa picha 36 unatoa 72. Niliposikia nikasema, huyu Mjapani lazima aliwahi kuishi Kisenyi, mtaa wetu wa mafukara. Kisha nikasikia bei: dola 500. Hapana, hajawahi.

Simu nayo siitetei. Picha zangu za miaka yote nilizitupia Facebook, na Facebook ikafungwa Uganda Januari 2021. Tangu hapo kutazama sura ya mwanangu akiwa mchanga ni mpaka niwashe VPN, naingia kama mwizi wa nyumba yangu mwenyewe. Bando linakatika kabla mtoto hajaota meno.

Basi mpwa wangu ana kwanjula, ile sherehe ya kutambulishana kwa wakwe, na kwanjula yake ati ipigwe kwa mkanda. Juzi rafiki yake mpiga picha alikuja kujaribu. Ssenga, shangazi wa mpwa, akavaa gomesi, akakaza mshipi, akaweka pozi la heshima. Kacha! Moja tu.

"Haya, nionyeshe."

"Ssenga, hazionekani mpaka zisafishwe."

Ssenga akaichukua kamera, akaigeuza nyuma, akapapasa lile plastiki jeusi, akamtazama kijana kwa huruma. "Mwanangu, kioo wamekuibia."

Nikamuuliza mpwa, na zikiungua je? "Mjomba, hata zikiungua zina uzuri wake." Zina uzuri wake! Sisi tuligombana na watu wa studio miaka na miaka kwa sababu ya uzuri huo.

Sasa kamati ya harusi imepitisha bajeti, na mkanda umeandikwa juu ya mchele. Mweka hazina ananipigia simu asubuhi na jioni kuuliza mchango wangu auweke wapi. Auweke kwenye mchele. Mchele nitauona siku hiyohiyo.