Nyumba ya mlimani ifunguliwe Juni

Wachaga tukipanda kwetu Kilimanjaro mwisho wa mwaka tunataniwa kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Utani huo haunikeri. Kinachonikera ni pale tunaporudi mjini Januari na kuwaambia watu eti tulikuwa likizo. Likizo ipi? Leo kikao cha ukoo, kesho misa ya mkesha, keshokutwa ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma), halafu kipaimara cha mtoto wa binamu, sendofu huku, harusi kule, na katikati ya hayo yote kuna kaburi la babu la kujengea na mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, uliokuwa unasubiri wakubwa wote wafike. Baba anashinda na bahasha za michango mfukoni. Mama ndiye hajakaa kitako tangu aliposhuka kwenye basi. Ndafu naila kama wenzangu, na vikao vina umuhimu wake, ila tusiviite mapumziko.

Ninachotaka kusema ni kifupi: ile nyumba ya mlimani mnayoifungua kwa wiki mbili za Desemba, ifungueni Juni, mwende baba, mama na watoto, bila ratiba yoyote.

Pita Marangu, Kilema, Kibosho au Machame katikati ya mwaka uone mwenyewe. Nyumba baada ya nyumba, mapazia yameshushwa, taa ya barazani inawaka mchana kweupe, na mwenyeji pekee ni kijana wa kukata majani ya ng'ombe. Nyingine ni za ghorofa zenye vyumba ambavyo hakuna aliyewahi kulala. Mimi nazipenda zaidi zile ndogo za zamani, za mbao na bati, jiko nje na baraza mbele. Yetu ni ya aina hiyo. Iko juu ya Marangu Mtoni, na sakafu yake ya mbao inalia kiasi kwamba hakuna mtoto anayeweza kunyemelea sufuria usiku bila nyumba nzima kujua.

Kwa nini Juni? Kwanza shule zimefungwa, mpaka mapema Julai. Pili, masika yamekwisha, njia za migombani zimeanza kukauka, ingawa manyunyu hayakosekani. Tatu, tiketi za Kaskazini ambazo Desemba hupatikana kwa mbinde, Juni unachagua hadi siti ya dirishani. Kutoka Moshi mjini kwenda Marangu ni kupita Himo na kupanda, kama kilomita 40 tu, na vipanya vipo siku nzima.

Watu huniambia, "Juni kuna baridi." Ndiyo, ipo, na usiku kipimo kinashuka chini ya nyuzi 15. Watalii wanaokuja kwa sababu kwao ni kiangazi hutukuta sisi tumevaa makoti na wao wana kaptula. Lakini baridi hiyo ndiyo inayofanya kazi nisiyoiweza nikiwa Dar es Salaam. Kule joto linamtawanya kila mtu: mmoja yuko chumbani na feni, mwingine uani, mwingine hajulikani aliko. Mlimani saa moja jioni wote wako jikoni kwa sababu ndiko kwenye moto. Umeme ukikatika, simu zikazimika, karata zinatoka zenyewe. Binti yangu mkubwa, ambaye mjini hunijibu kwa "sawa" na "sijui", ndiye aliyetusimulia mambo ya shuleni kwao mpaka kuni zikaisha.

Mtori nao unataka siku ambayo hakuna anayeharakishwa. Ndizi mshare zinamenywa mbichi, na utomvu wake haufutiki kirahisi, ndiyo maana mtu hupaka mafuta mikononi kabla ya kushika kisu. Mwanangu wa mwisho aliyakataa hayo mafuta. Baadaye akaenda kwa bibi yake na viganja vimekuwa vyeusi tii.

"Bibi, hii inatoka lini?"

"Ukirudi shule itakuwa imetoka, mjukuu wangu. Menya."

Nyama ya mifupa inachemka peke yake kwanza, ndizi zinafuata na kitunguu, zikilainika mifupa inatolewa na kila kitu kinapondwa kwa mwiko mpaka uji unakuwa mzito na laini. Kazi nzima inakula asubuhi nzima. Desemba mtori huo huo unapikwa kwenye sufuria la kulisha watu mia na akina mama ambao hawana hata nafasi ya kuuonja ukiwa wa moto.

Hapo kwenye moto nina neno moja zito. Usiingize jiko la mkaa chumbani mkalala nalo madirisha yakiwa yamefungwa. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala hapati nafasi ya kuamka. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za namna hii. Jiko likae nje au kwenye chumba cha kupikia chenye uwazi, na kulala mlale na mablanketi. Yanunueni Moshi mjini kabla ya kupanda, mitumba mizito ipo.

Mtauliza, mchana mtafanya nini? Kidogo sana, na ndio uzuri wenyewe. Watoto waufuate mfereji wa maji mpaka unapochepukia kwenye mto, waone jinsi wazee walivyoyatembeza maji mtelemkoni kwa jembe na macho tu. Kahawa iko pale pale chini ya migomba, na likizo ikielekea mwisho buni za kwanza huanza kuwa nyekundu. Maporomoko ya Kinukamori yako jirani na Marangu Mtoni, mnakwenda kwa miguu na kurudi kabla ya chakula.

Mkitaka siku moja ya jasho, ingieni geti la Marangu mpande hadi Mandara, kwenye mita kama 2,700. Njia ya Marangu ndiyo pekee kati ya njia za kupandia Kilimanjaro ambayo wapandaji hulala kwenye vibanda badala ya mahema, na Mandara ni kituo chake cha kwanza: nyumba ndogo za mbao zenye mapaa yaliyochongoka, katikati ya msitu, na mbega weupe juu ya miti. Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na cha wageni. Inashangaza ni wangapi tumezaliwa chini ya geti hilo na hatujawahi kulivuka.

Kuna hoja moja naikubali: Juni mlima hujificha. Mawingu yanaweza kukaa siku kadhaa mfululizo na kilele cha Kibo usikione kabisa, na mgeni mliyemleta kwa ajili ya picha atanuna. Dawa ni kuamka kabla ya jua. Mara nyingine pazia linafunguka kwa dakika chache alfajiri kisha linarudi. Lisipofunguka, chai ipo.

Wasio na kihamba nao wasijisikie wametengwa. Siku hizi zipo nyumba za mbao za kupangisha huku Marangu na upande wa Meru kule Arusha. Shauri langu ni kuuliza mambo mawili kabla ya kulipa: kama kuna mahali pa kupikia wenyewe, na kama jirani hana ukumbi wa muziki.

Sisi wenye za urithi tuna kizuizi kingine. Ufunguo wa nyumba anao shangazi, na shangazi ana tabia ya kusafiri nao. Mpigieni simu Mei.