Na Sisi Watu Wazima Tushuke Kwenye Theluji

Kila ikifika Februari hapa Oslo, Norwe, kuna kitu kinaniuma. Unaenda Sognsvann Jumamosi, kituo cha mwisho cha treni ya mjini, T-bane namba 5, unakuta watoto wetu wamejaa pale, watoto wa Kikongo, wa Kisomali, wa Kikenya, wa Kitanzania, skii miguuni, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji, wanapita tu mbele yako utadhani hawajawahi kuishi kwingine, afu ukigeuza macho upande wa parking unawaona wazazi wao. Wamesimama. Mkono mmoja mfukoni, mwingine unarekodi video ya kutuma kwenye grupu la familia, na baridi inawala kweli kweli manake kwenye theluji anayeliwa na baridi ni yule aliyesimama, anayetembea hata zipu ya koti anafungua. Mimi nasema na sisi tushuke. Wakina mama na wakina baba wa miaka 35, 40, 50, tushuke, na tushuke kwa kundi, marafiki ambao wote hawajui, sio mmoja mmoja.

Nalisema kwa sababu sisi tumejaribu. Ni kundi la watu tunaojuana kwenye harusi na misiba na vikao, jamaa mmoja wa Goma, dada wa Mombasa, mwingine wa Bujumbura, mimi mtu wa Mwanza, Kiswahili ndo kinatuunganisha, na wote tulikuwa tumekaa nchi hii miaka na miaka bila kukanyaga skii. Ukiuliza kwanini utasikia yale yale, hiyo michezo ya wazungu, mifupa yangu imeshakomaa, nikivunjika mguu nani atalipa kodi ya nyumba. Afu Wanorwe wenyewe wana msemo wao kwamba wanazaliwa na skii miguuni, na sisi tumeumeza huo msemo bila kutafuna. Sio kweli jamani. Mimi nimefanya kazi barnehage, yaani chekechea, hao wa kuzaliwa na skii nimewaona wakiwa na miaka miwili, mitatu, wanaanguka kila hatua, wanalia, kamasi zinatiririka, mwalimu anawanyanyua, wanaanguka tena. Wanajifunza kama mtu yeyote. Tofauti ni kwamba wao wakianguka hakuna anayewashangaa, na hicho ndo kitu mtu mzima anakikosa, na ndo maana nasisitiza kundi.

Mtu anayeniambia mwili wa Mwafrika haukuumbwa kwa theluji namuuliza kama anamjua Philip Boit. Mkenya, mkimbiaji wa mbio za kati kutoka huko Eldoret, theluji aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1996 alipopelekwa Ufini kufanya mazoezi, na mwaka 1998 alikuwa kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, Mkenya wa kwanza kushiriki. Miaka miwili tu! Siku ile ya mbio za skii za kilomita 10 mvua ilikuwa inanyesha, theluji imelowa inanata chini ya skii, akafika wa mwisho, nafasi ya 92, kama dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie, Mnorwe, na Dæhlie akakataa kwenda kuchukua medali yake ya dhahabu, akabaki kwenye mstari anamsubiri Boit mpaka akafika, akamkumbatia. Boit alivyopata mtoto wa kiume akamwita Dæhlie. Hiyo hadithi Wanorwe wa umri fulani wanaijua wote, ukisema unatoka Afrika Mashariki na uko kwenye skii kuna mzee atakukumbusha. Mimi kinachonigusa zaidi sio kukumbatiwa, ni kwamba Boit hakuishia pale, alirudi 2002 Salt Lake City na 2006 Turin. Alikuwa mtu mzima aliyeanza na miaka ishirini na kitu na akaipenda kazi yenyewe.

Sasa tuje kwenye mambo yenyewe, manake nadhani wengi wetu wanakata tamaa kwa kuanzia pabaya. Wanaanzia kwenye skii za kuteremka mlima, zile za kupanda na lifti. Hizo ni ghali, unalipia lifti, unalipia kukodi buti zile ngumu, na ndani ya dakika mbili uko juu ya mteremko ambao hujui utasimamia wapi, mtu wa miaka 45 hapo anaogopa na ana haki kabisa ya kuogopa. Anashuka amekaa, anarudisha vifaa, anaapa harudi tena, na anaenda kusimulia wenzake kumi ambao nao hawatajaribu. Anzia skii za kutembea, langrenn, zile nyembamba nyepesi. Kiatu chake ni laini, kimeshikwa mbele kwenye vidole tu, kisigino kiko huru kinanyanyuka, kwa hiyo ule mwendo ni kama kutembea ukiongeza kuteleza kidogo. Kwenye tambarare huwezi kwenda kasi ya kukutisha hata ukitaka. Na njia zenyewe ni bure. Nasema bure, hakuna geti, hakuna tiketi, msitu wote wa Nordmarka uko wazi, kuna sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kupita kwenye ardhi isiyolimwa, kila mtu, haijasema mwenye pasipoti ya rangi gani. Chama cha Skiforeningen, ambacho kipo tangu 1883, wanapita na mashine zao usiku wanasawazisha theluji na kuchora ile mifereji miwili unayoweka skii, asubuhi unakuta njia iko tayari. Sisi tunalipa kodi nchi hii, tunaamka saa kumi alfajiri kwenda kusafisha na kuhudumia wazee, halafu kitu kizuri kuliko vyote walichonacho, tena cha bure, tunawaachia wao peke yao? Hapana bwana.

Vifaa visikutishe. Kuna BUA, wanaazimisha skii, buti na fimbo za kujisukumia bila malipo, unajisajili tu, ila wahi katikati ya wiki kabla saizi za watu wazima hazijachukuliwa. Omba zile zenye kipande cha manyoya kimebandikwa chini katikati ya skii, felleski wanaziita, kile kipande ndo kinashika theluji unaposukuma ili usirudi nyuma. Kuna za aina nyingine ambazo lazima upake nta, na nta ina rangi zake kufuata baridi, ya bluu theluji ikiwa kavu, ya zambarau ikikaribia sifuri, hayo yatakuja baadaye huna haja ya kuumiza kichwa siku ya kwanza. Nguo ndo hapo watu wetu wanakosea sana, wanavaa kama wanaenda kulala nje. Usivae pamba chini, pamba ikishika jasho inabaki na maji inakugandisha, vaa sufu, nguo ya sufu inayobana mwili, juu yake kitu chepesi cha kuzuia upepo, basi. Ukitoka nyumbani ukihisi kijibaridi kidogo ujue umevaa sawa. Dada wa Mombasa anavaa hijabu ya kitambaa chepesi, kofia ya sufu juu yake, sketi fupi ya michezo juu ya suruali, na wanawake wengi wa Kinorwe nao wanavaa sketi hizo hizo za kujikinga baridi kwa hiyo hakuna hata anayegeuka kumwangalia.

Siku yetu ya kwanza tulichagua njia ya tambarare karibu na ziwa, baridi kama digrii tano chini ya sifuri, theluji kavu inalia chini ya buti. Kuvaa tu skii kulituchukua muda mrefu kuliko kutembea, manake lazima ukung'ute barafu yote chini ya kiatu, ikibaki hata punje kile kichuma cha mbele hakiingii kwenye kufuli lake, unakanyaga, unakanyaga, hakibani, jamaa wa Goma akatoa ufunguo wa nyumba akaanza kukwangua kiatu cha kila mtu kwa zamu akiwa amepiga magoti kwenye theluji. Sijui kwanini hiyo picha imenikaa. Mtu mzima, fundi bomba, baba wa watoto wanne, anatusafishia viatu mmoja mmoja na wote tumeshikana mabega tusidondoke. Na hapo hatujapiga hatua hata moja.

Tukaanguka, ndiyo. Kila mtu alianguka. Lakini ngoja nikwambie kitu kuhusu kuanguka, kwenye tambarare mara nyingi haumii mtu, unaketi tu kwenye theluji, tabu ni kunyanyuka. Na kunyanyuka kuna namna yake ambayo inafaa muijue kabla hamjaondoka nyumbani. Usijaribu kusimama kwa nguvu ya fimbo. Lala ubavu, weka skii zote mbili upande mmoja zilale sambamba, kama uko kwenye mteremko zikatishe mteremko zisielekee chini, njoo kwenye magoti, uje mbele juu ya skii zako, ndo unyanyuke mguu mmoja mmoja. Tulijifunza kwa dada wa Bujumbura ambaye alikuwa ameangalia video, akawa anatupigia kelele za maelekezo kwa Kirundi na Kiswahili vimechanganyika, na Wanorwe wanapita pembeni wanatabasamu wanasema hei hei. Hakuna aliyetucheka. Hofu yote tuliyobeba miaka yote ile ya kuonekana, hakukuwa na mtu anayetutazama, kila mtu yuko na njia yake.

Ndo maana nasema usiende na mjuzi mara ya kwanza. Najua mfanyakazi mwenzako wa Kinorwe ana moyo mzuri na amekuambia njoo nitakufundisha, lakini yeye alijifunza akiwa mdogo kabla hajakumbuka, hajui anachokijua, atakwambia ni rahisi tu fuata hivi, ukiinua kichwa kashafika kona ile. Ukiwa na wenzako wasiojua mnasubiriana bila mtu kuona anawachelewesha wengine. Mkishaweza kusimama na kusogea, hapo ndo mtafute mwalimu, Skiforeningen wana kozi, mfundishwe kupanda kilima kwa kutanua ncha za skii, na kushuka kwa kufanya kinyume chake, ncha zikaribiane visigino vitanuke, ule upana ndo breki yako. Kozi mkiifuata mkiwa mmeshaonja mnaelewa mwalimu anaongea nini.

Asiyetaka skii kabisa, kuna sleji, kile kigari kisicho na magurudumu unachokalia kikateleza kwenye theluji. Njia yake inaitwa Korketrekkeren, unapanda T-bane namba 1 mpaka Frognerseteren, unakodi sleji na helmeti, unateremka kilomita 2 mpaka Midtstuen na hapo unapanda treni ile ile unarudi juu, tiketi yako ya kawaida inatosha. Mashindano ya bobsledi, zile sleji kubwa za kasi, ya Olimpiki ya 1952 yalifanyika pale pale. Inashuka mita 255 na kona zake zinarusha, kwa hiyo miguu ndo breki na helmeti usiache, lakini hamna haja ya kujifunza kitu, mtu wa kutoka Kigoma jana anaweza kushuka leo na mwanae mbele yake.

Kuna wanaoniambia muda hakuna, tunafanya shifti, jua lenyewe Desemba linazama saa tisa na robo mchana. Ni kweli, na hilo giza ndo sababu kubwa ninayoandika haya. Tunajua wote Novemba mpaka Machi inavyokuwa, kazini nyumbani, kazini nyumbani, vitamini D ya kopo, pazia limefungwa, mtu anaacha kupokea simu na sisi tunasema yuko bize. Nimeona watu wazuri wakinyamaza hivyo. Kuna njia zenye taa, lysløype, ziko karibu na mitaa mingi tunayoishi, zinawashwa jioni, unaweza kutoka shifti ya mchana ukaenda saa moja usiku na bado unaona mbele. Mimi siwezi kusema theluji imemponya mtu, mimi sio daktari, nasema tu kwamba tangu tuanze hakuna kwenye kundi letu anayepotea wiki mbili wakati wa baridi bila mtu kumuuliza skii zako ziko wapi.

Na watoto. Wangu wa kati, miaka tisa, aliniona napanda kale kakilima ka mwanzo pale msituni, akashuka kutoka juu, akaniambia baba tanua zaidi, kunja magoti kidogo, angalia mbele usiangalie chini. Ananifundisha mimi. Nyumbani siku zote ni mimi namwambia, Kinorwe ananirekebisha na tunazozana, lakini pale sikuona vibaya hata kidogo, na tumekuja kuongea mambo mengi kwenye zile njia ambayo kwenye sofa hayatoki.

Sasa hivi kwenye grupu kuna mvutano, wengine wanataka tubaki kwenye tambarare, wengine wanataka msimu huu tufike Ullevålseter, ni kilomita kati ya 5 na 6 kutoka Sognsvann na sehemu kubwa inapanda, juu kuna nyumba wanauza vafler, yale maandazi bapa ya Kinorwe, na vinywaji vya moto. Mimi niko upande wa kwenda. Tunafuata alama nyekundu za njia ya skii, tunapumzika tunapotaka, dada wa Mombasa ameahidi thermos ya chai ya tangawizi na mahamri. Kama uko Oslo au Lillestrøm au Drammen na hujawahi, njoo, ila uje mapema kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo parking ya Sognsvann hupati.