Anayejifunza chipu za analogi aanze na programu ipi?

Mwanafunzi wa elektroniki aliye likizo nyumbani Malindi, mwenye laptopu ya ramu ya gigabaiti 4 na bando la kuhesabu, akiuliza ajifunzie wapi kubuni chipu za analogi hupewa majibu mawili: LTspice, au ngspice ikiandamana na Xschem, programu ya kuchora saketi. Zote ni za bure, na LTspice na ngspice, zinazoigiza saketi kwenye kompyuta, zina chimbuko moja, SPICE ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ya mwaka 1973.

LTspice ina haki yake. Kuipakua hakumalizi bando, inakaa kwenye Windows bila matata, na dakika chache baadaye wimbi liko kwenye skrini. Ngspice inataka uzoee kuandika amri, na data za kiwanda zinazoandamana nayo zinakula gigabaiti kadhaa. Kwa mtu wa bando, huo ni mzigo wa kweli.

Lakini chukua transista mbili za MOSFET, moja ikinakili mkondo wa mwenzake. Kwenye LTspice, usipogusa modeli (hesabu zinazoeleza tabia ya transista), mkondo ulionakiliwa hautikisiki hata ukipandisha volti, kwa sababu modeli inayotumika ni ile sahili ya ngazi ya 1, na lambda yake, namba inayoonyesha jinsi mkondo unavyofuata volti, ni 0. Sasa chora saketi hiyo hiyo kwa modeli za SKY130, teknolojia ya nanomita 130 ambayo SkyWater na Google waliifungua kwa umma mwaka 2020. Geti, sehemu inayodhibiti transista, ikiwa na urefu wa mikroni 0.15, mkondo unapanda pamoja na volti. Irefushe hadi mikroni 1, mstari unaanza kulala. Mbunifu wa analogi anaishi ndani ya tofauti hiyo.

Ni kweli LTspice inapokea modeli za BSIM4, zilizo za kina zaidi. Ila anayeanza hajui azitoe wapi, ilhali za SKY130 zimeshaandaliwa kwa ngspice, pamoja na hali za kiwanda kutoa transista zenye kasi ndogo au kubwa kuliko kawaida. (Na abadilishe halijoto: SPICE huanzia nyuzi 27, joto la kawaida la Malindi, chipu kazini huzidi hapo.)

Cadence, programu ya kulipia ya kubuni chipu, ndiyo waajiri wanaiulizia, lakini leseni zake hupitia vyuo na kampuni. Nakala za wizi asiziguse.

Anayetengeneza bodi za kuchajia sola abaki na LTspice, inamtosha kabisa. Wa chipu namshauri aende ngspice tangu mwanzo, hata kama itabidi apakue data kwa Wi-Fi ya chuo atakaporudi. Saketi ikishakubali, atachora tabaka za silikoni kwa Magic, programu ya kuchora chipu, imtolee kapasita zinazojificha kwenye nyaya, naye azirudishe ngspice aone ni kiasi gani cha kasi alichopoteza.