Zege la Jumamosi baada ya kupanda Loleza

Jumamosi asubuhi, waliopanda Loleza, mlima ulio juu ya jiji la Mbeya, wanashuka mjini na fulana zimelowa, na ubishi ni uleule: leo ruksa kula zege, yaani chipsi mayai, au siyo? Wapo wanaosema jasho limeshalipa. Wapo wanaoapa kuwa sahani moja tu inafuta mazoezi ya wiki nzima. Wote wanatia chumvi, ila hawatii sawa.

Simama jioni kwenye banda la chipsi pale Mwanjelwa uangalie. Viazi vimekaangwa tangu mchana, vimelundikwa kwenye kabati la kioo. Ukiagiza vinarudi kwenye mafuta. Kisha kinakuja kikaango kidogo, mafuta mengine, chipsi, mayai mawili juu yake, linageuzwa kwa sahani. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha zina kilokalori kama 87. Kikikaangwa, uzito huohuo unakaribia 300, maana maji yametoka na mafuta yameingia. Sahani nzima naikadiria kwenye 1,000.

Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita moja anachoma kama kilokalori 70. Kulilipa zege kwa miguu ni kilomita 14, na wengi wetu tunaishia tano. Na hilo jasho lenyewe ni maji tu: Julai, baridi ya Mbeya ikikolea, unakimbia na sweta hulowi sana, lakini nguvu umetumia zilezile.

Basi wakali wameshinda? Bado. Wanahesabu zege kana kwamba bila hilo ungelala njaa. Ungekula ugali na maharage, tuseme kilokalori 600. Kilichoongezeka ni 400, na kwa anayekimbia mara nne kwa wiki hizo zinamezwa. Kinachowatisha watu ni mzani wa Jumapili, umepanda kilo nzima! Kilo ya mafuta mwilini ina kilokalori zipatazo 7,700. Hakuna zege la kiasi hicho. Ni chumvi iliyoshika maji, pamoja na wanga uliorudi kwenye misuli, ambao kila gramu yake hukaa na takriban gramu tatu za maji. Siku mbili tatu yanatoka. Wengine huacha mazoezi hapohapo, kwa kosa la mzani.

Mimi niko na wanaokula, ila nina shaka na hiyo "mara mojamoja" yao. Hesabu yao inaanza na kuishia kwenye chipsi. Maandazi ya chai hayahesabiwi, wala sambusa ya ofisini, wala samaki wa kukaanga wa Jumatano, wala chapati iliyonyonya mafuta. Ziada ya 400 mara tatu kwa wiki ni 1,200. Wiki sita au saba umefika kilo, na hapo unalaumu kocha. Mazoezi nayo yanaleta njaa, na njaa ikishapata kisingizio cha "nimekimbia" haishikiki.

Mafuta yanayorudiwa mpaka yawe meusi ni kesi nyingine. Wembamba wa mkimbiaji hauukingi moyo wake.

Jumamosi nakula zege langu na kachumbari nyingi. Jumanne, mwenye banda akiniona na kuanza kuwasha jiko kabla sijaagiza, navuka barabara.