Eriksson, kocha wa Jumatatu hadi Ijumaa

Wanaomtetea Sven-Göran Eriksson, kocha wa zamani wa England, huanzia Munich, Septemba 1, 2001: Ujerumani 1, England 5, Michael Owen akicheka na nyavu mara tatu. Wanaomponda huanzia Shizuoka, Japan, kwenye Kombe la Dunia, Juni 21, 2002, siku ambayo England ilicheza zaidi ya nusu saa dhidi ya Brazil yenye watu kumi na bado ikatoka kichwa chini. Ubishi huo haukuisha hata Mswidi huyo alipofariki Agosti 26, 2024 akiwa na miaka 76. Kwangu mimi, pande zote mbili zinampima kwa kazi iliyomlipa vizuri na kumfaa kidogo.

Ukitaka kumjua Eriksson, rudi Uswidi ya miaka ya sabini. Alikuwa beki wa kulia wa kawaida kabisa, akatundika daluga akiwa na miaka 27 bila kuacha jina. Tord Grip, aliyewahi kuwa kocha wake, alimchukua awe msaidizi katika klabu ya Degerfors mwaka 1976, na Grip alipoondoka kwenda timu ya taifa, kijana akaachiwa timu. Wakati huo soka la Uswidi lilikuwa limegawanyika. Waingereza wawili, Bob Houghton pale Malmö na Roy Hodgson pale Halmstad, walikuwa wameleta 4-4-2, yaani mabeki wanne, viungo wanne na washambuliaji wawili, ya kukaba eneo badala ya kukaba mtu, mabeki wakipanda juu na timu nzima ikibana nafasi kwa pamoja. Wazee wa soka la nchi hiyo waliona huo ni ugeni unaoua vipaji. Eriksson akasimama upande wa wageni.

Hapa wakosoaji wana hoja: hakubuni kitu. Lakini makocha wengi hawabuni, na kuna ufundi katika kulichukua wazo la mwenzako na kulifanya lishinde. Alipotua IFK Göteborg mwaka 1979, mazoezi yalikuwa ya kurudiarudia hadi kuchosha. Mpira ukiwa winga ya kulia, beki wa kushoto anaingia ndani kiasi gani? Kiungo akipigwa chenga, nani anaziba, na mstari wa nyuma unapanda lini? Mashabiki walilalamika kwamba timu imekuwa mashine. Mei 1982 mashine hiyo, yenye wachezaji wengi waliokuwa na kazi nyingine za kuwaingizia riziki, ilikutana na Hamburg ya Ernst Happel kwenye fainali ya Kombe la UEFA. Ilishinda 1-0 nyumbani, ikaenda Ujerumani ikashinda 3-0. Hamburg hiyo hiyo mwaka uliofuata ilikuwa bingwa wa Ulaya, kwa hiyo tusiseme ilikuwa timu ya kuokoteza. Hakuna klabu ya Uswidi iliyokuwa imetwaa kombe la Ulaya kabla ya hapo.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema Eriksson alikuwa kocha wa matajiri tu, namuuliza: tajiri wa Göteborg alikuwa nani?

Benfica wakamchukua mwaka huo huo. Misimu miwili, ubingwa wa Ureno mara mbili, na fainali ya UEFA waliyopoteza kwa Anderlecht. Aliporudi Lisbon mwaka 1989 akaifikisha timu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, wakafungwa 1-0 na AC Milan kwa bao la Frank Rijkaard. Kufungwa kimoja na Milan ile ya Arrigo Sacchi si jambo la kumwaibisha mtu.

Italia ndiko hesabu inakuwa ngumu. Akiwa Roma, Aprili 1986, zikiwa zimebaki mechi mbili na timu ikiwa imeikaba Juventus koo, alifungwa 3-2 nyumbani na Lecce, timu iliyokuwa mkiani na imeshashuka daraja. Ubingwa ukaenda Turin, kwa Juventus. Roma akapata Coppa Italia tu, yaani kombe la mtoano la nchi hiyo, Fiorentina hakupata kitu, na miaka mitano ya Sampdoria ikazaa Coppa Italia nyingine moja. Kufikia 1997 alikuwa amekaa Italia karibu miaka kumi bila ubingwa wa ligi, na vyombo vya habari vya huko vilikuwa vimeshamwita mtu wa kushindwa hatua ya mwisho. Sidhani kama walimwonea.

Kisha Lazio. Mmiliki Sergio Cragnotti, mwenye kampuni ya vyakula ya Cirio, alifungua pochi: Nedved, Salas, Vieri, Mihajlović, Veron, Simeone. Eriksson alikuwa ameshakubaliana na Blackburn Rovers ya Uingereza, akageuka njiani akaenda Lazio. Vikombe vikaanza kuingia, ikiwemo Kombe la Washindi Ulaya mwaka 1999 na Super Cup ya UEFA walipoifunga Manchester United. Mei 14, 2000 wakatwaa ubingwa wa Italia, wa pili tu katika historia ya klabu, baada ya kuifunga Reggina 3-0 na kukaa wakisubiri: huko Perugia mvua ilikuwa imesimamisha mechi ya Juventus kwa zaidi ya saa nzima, na uliporejea uwanjani mpira, beki Alessandro Calori akaifunga Juve bao moja la kutosha.

Bahati? Ya mvua, ndiyo kidogo. Pesa? Nyingi, tena za kutisha, maana himaya ya Cragnotti iliporomoka mwaka 2002 na klabu ikabaki inahesabu madeni. Ila Cragnotti alikuwa anamwaga fedha tangu kabla ya Eriksson bila kuuona ubingwa, na Lazio haijaupata tena hadi leo. Halafu kuna jambo ambalo pesa haielezi. Chumba kile cha kubadilishia nguo kilikuwa kimejaa majogoo, kila mmoja akitaka kuwika. Roberto Mancini alimfuata kutoka Sampdoria, Mihajlović akafuata, Veron naye wakakutana tena baada ya kupitia Parma. Wachezaji wa aina hiyo hawamfuati kocha wasiyemheshimu. Eriksson hakupiga kelele, hakumwaibisha mtu mbele ya kamera, na alijua nani aachwe alale na nani aitwe pembeni.

Sasa tazama kilichotokea alipokuwa kocha wa kwanza wa kigeni wa England, Januari 2001. Vitu viwili vilivyomjenga, mazoezi ya kila siku na upole, vilibadilika maana. Kocha wa timu ya taifa anawapata wachezaji siku chache, wanarudi klabuni, anakaa miezi anawaangalia kwenye televisheni. Ile kazi ya Göteborg ya kurudia jambo moja kutoka Jumatatu hadi Ijumaa haipo. Kinachobaki ni kuchagua kikosi na kuusoma mchezo unapoendelea, na huko ndiko alikokuwa wa kawaida.

Shizuoka ni ushahidi. Owen alifunga dakika ya 23, Rivaldo akasawazisha mwishoni mwa kipindi cha kwanza, Ronaldinho akaongeza la pili kwa mpira wa adhabu, kisha naye akala kadi nyekundu. England ikabaki inapiga mipira mirefu, Owen akatolewa akaingia Darius Vassell, na benchini Eriksson ametulia na miwani yake. Utulivu uliokuwa dawa Lazio, siku ile ulifanana na kukata tamaa. Euro 2004 walikuwa mbele ya Ufaransa hadi dakika za nyongeza wakafungwa mawili na Zidane, kisha Ureno ikawatoa kwa penalti. Kombe la Dunia 2006 kule Ujerumani, Ureno tena, penalti tena. Katika mashindano hayo mawili viungo Gerrard na Lampard walipangwa pamoja kati bila jibu la uhakika la nani anapanda na nani anabaki. Na lile la kumpeleka Ujerumani Theo Walcott, mtoto wa miaka 17 ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya kikosi cha kwanza cha Arsenal, kati ya washambuliaji wanne, kisha asimchezeshe hata dakika, sijawahi kusikia utetezi wake ukaniingia akilini.

Lakini wanaomponda wasisahau alikoikuta. Kevin Keegan alikuwa amejiuzulu, England ina pointi moja katika mechi mbili za kufuzu. Akaifikisha Kombe la Dunia, na kila mashindano aliyoyaongoza alifika robo fainali. Aliyempokea, Steve McClaren, hata kufuzu Euro 2008 alishindwa. Robo fainali tatu kwa timu ile mimi naziona ni chini kidogo ya uwezo wake, si aibu ya taifa kama magazeti ya London yalivyotaka tuamini. Magazeti yenyewe yalishughulika zaidi na chumba chake cha kulala. Hilo tuliache.

Lisiloachika ni jinsi alivyochagua kazi. Akiwa na mkataba wa England alikutana na watu wa Chelsea. Januari 2006 akaingizwa mjini kule Dubai na mwandishi wa gazeti aliyejifanya sheikh tajiri, akazungumza mipango ya Aston Villa. Baadaye Manchester City ya Thaksin Shinawatra: aliifunga Manchester United nje ndani, kisha mechi ya mwisho akapigwa 8-1 na Middlesbrough na kibarua kikaota nyasi. Mexico hakumaliza mwaka. Notts County ya daraja la nne ilimwahidi mabilioni ambayo hayakuwepo.

Machi 2010 ikaja Ivory Coast, na kwetu Afrika huu ndio ukurasa wa kuusoma taratibu. Shirikisho lilikuwa limemtimua Vahid Halilhodžić, aliyeifuzisha timu Kombe la Dunia, kwa sababu ya kutolewa na Algeria kwenye Kombe la Afrika. Zikiwa zimebaki miezi mitatu tu, wakamwita mtu ambaye nguvu yake yote ilikuwa katika muda. Drogba akavunjika mkono siku chache kabla ya mashindano. Wakatoka sare tasa na Ureno, wakafungwa 3-1 na Brazil, wakaifunga Korea Kaskazini 3-0, wakarudi nyumbani na pointi nne. Eriksson aliichezesha timu kwa nidhamu, hasa siku ya Ureno, na sidhani kama angeweza zaidi ya hapo. Waliomwajiri walikuwa na wasifu wake mezani. Vikombe waliviona, ila inaonekana hakuna aliyeuliza kila kimoja kilimchukua muda gani kukipata.