Land Cruiser ikivuja oili miguuni, msikimbilie kung'oa

Gereji nyingi hapa Dar es Salaam zina jibu moja tu kwa mwenye Lexus LX 470, Cygnus au Land Cruiser VX ya mfululizo wa 100 inayodondosha oili ya AHC (mfumo wa kupandisha na kushusha gari kwa kitufe) karibu na magurudumu: "Bosi, ng'oa huo mfumo wote, funga shokapu za kawaida." Jibu hilo nalipinga, na linaniuma kuona magari mazuri yakiharibiwa kwa sababu yake. Mara nyingi kinachovuja ni paipu moja iliyoliwa na kutu, au mpira mmoja uliopasuka.

Toyota ilianza kuuza mfululizo wa 100 mwaka 1998, na uzalishaji ukafikia ukingoni mwaka 2007. Yale ya kifahari yalikuja na AHC hiyo. Pampu iliyofungwa kwenye chesisi husukuma oili hadi kwenye shokapu nne, na kila mguu una mtungi wake mdogo wa duara. Ndani ya mtungi kuna utando wa mpira, huku oili, kule gesi ya naitrojeni. Gurudumu likiingia shimoni, oili inausukuma utando, gesi inabanwa, kisha inairudisha oili. Ndiyo maana gari hilo zito linapita barabara mbovu na abiria wanaendelea kusinzia.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo watu wanapoibiwa. Oili haibebi gari peke yake. Mbele kuna tosheni baa, yaani vyuma virefu vinavyojipinda na kufanya kazi ya springi, nyuma kuna koili springi, navyo hubeba sehemu tu ya uzito. Sehemu iliyobaki hubebwa na shinikizo la oili. Kwa hiyo Toyota ilizitengeneza baa na springi hizo kuwa laini kuliko za Land Cruiser isiyo na AHC. Fundi akitoa oili, akafunga shokapu za kawaida na kuacha springi zile zile, gari linakaa chini. Weka familia na mizigo, nyuma inaburuta. Njiani kwenda Morogoro linayumba kila ukilipita lori. Mwenye gari anaambiwa ni uzee, kumbe ni springi zilizonyang'anywa msaidizi wake.

Kuvuja na kuchoka kwa mitungi ni magonjwa mawili tofauti, na mafundi wengi huyatibu kama moja. Gari linalovuja hupungukiwa oili kwenye chupa yake ya akiba, na ukilala na kuamka unalikuta limeinama upande mmoja au nyuma. Gari lenye mitungi iliyoisha gesi linaweza kuwa halivuji hata tone, ila kila kijiwe cha barabarani unakisikia kiunoni. Kuyatofautisha hakuhitaji mashine. Washa injini gari likiwa sehemu tambarare, lishushe chini kabisa, soma kiasi cha oili kwenye chupa. Lipandishe juu kabisa, soma tena. Mitungi mizima humeza oili nyingi, tofauti inafika kama alama 14 za chupa. Ikibaki alama 7 au chini ya hapo, gesi imekwisha, nunua mitungi.

Ugonjwa ukiwa ni kuvuja, osha chini ya gari kwanza. Fundi asiyeosha atakuonyesha oili ilipodondokea, wakati tundu liko mbali juu. Kisha fuateni paipu za chuma zinazotambaa kwenye chesisi kuelekea nyuma, hasa kama gari limeishi Msasani, Kigamboni, Tanga au Mombasa, maana chumvi ya bahari haizionei huruma. Tazameni pia paipu za mpira zinapoungana na shokapu, na nipeli za kutolea upepo. Paipu ya chuma inaweza kupindwa upya na fundi wa paipu za breki anayejua kazi yake, mradi atumie bomba na nati zinazohimili shinikizo kubwa.

Msikubali kamwe kujaziwa oili ya breki. Mipira ya mfumo huu imetengenezwa kwa oili ya madini, na oili ya breki huivimbisha na kuiharibu; uvujaji mmoja unakuwa minne. Oili ya AHC ina bei, naelewa, lakini ni nafuu kuliko pampu. Na mtu yeyote asiingie chini ya gari na kulegeza nati ya paipu kabla chesisi haijawekewa stendi. Shinikizo likitoka, gari linashuka ghafla na halimsubiri mtu.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi kabisa. Tosheni baa hulegea kwa miaka, oili inalazimika kubeba uzito zaidi ya ilivyopangiwa, na mitungi inakufa mapema. Kuzikaza baa hizo kwa boliti zake, huku shinikizo likisomwa kwa kompyuta ya kupimia, ni kazi ya asubuhi moja. Ningependa kila mwenye gari hili aifanye kabla hajanunua kifaa chochote.

Sisemi kung'oa ni haramu. Paipu zikiwa zimeoza zote, pampu imekufa na shokapu za AHC zinavuja zenyewe, gharama inaweza kukushinda, na spea za mtumba kutoka Sharjah nazo zina umri ule ule. Hapo ng'oa, lakini ng'oa kwa ukamilifu: koili springi mpya za nyuma, tosheni baa nene za mbele, na shokapu zinazolingana nazo, vyote kwa pamoja. Fundi akikupa bei ya shokapu nne tu, mwombe funguo zako.

Na anayekwenda kununua Cygnus wiki hii, afanye kipimo cha chupa mbele ya muuzaji, kisha ainame atazame paipu za nyuma kwa tochi kabla ya kutaja bei.